Maktaba ya Kijiji Bila Nakala za Wizi

Msomaji wa kijiji cha Ushongo anayetaka maktaba ya mkoa huvuka kwanza Mto Pangani, kisha ashike njia ya Tanga. Ndiyo maana mmoja akisema, "Tuanzishe maktaba yetu," mwingine hujibu, "Tuazime kitabu kimoja kimoja, tukatoe kopi." Nia ni njema, lakini nakala hizo nimezishika: mstari wa mwisho umeliwa na mashine, na gundi ya mgongoni imeshaachia kwa unyevunyevu wa bahari. Mwandishi naye hakuambulia hata senti.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa. Kunukuu kipande huku ukimtaja kunaruhusiwa. Kudurufu riwaya nzima ili iazimishwe ni jambo jingine, sawa na zile PDF zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alifariki 2020, hivyo riwaya yake Rosa Mistika ingali na mwenyewe hadi 2070.

Sasa tazameni nyumbani. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga hii hii, alifariki 1962. Miaka yake 50 ilitimia 2012. Riwaya yake Kusadikika, iliyotoka 1951, mnaweza kuichapa upya, mkaijalidi vizuri kwa uzi na kuiazimisha kijiji kizima. Jina lake libaki jaladani. Ila chukueni maneno yake tu: utangulizi, maelezo na michoro ya matoleo mapya ni jasho la watu wengine.

Kwa watoto, African Storybook ina hadithi za Kiswahili zenye leseni huria. Zichapeni, mkiwataja mwandishi na mchoraji. Vitabu vya shule vinasomeka bure katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini kusoma bure si ruhusa ya kuchapa, ombeni kwanza. Kwa riwaya ambazo bado zinalindwa, mwandikieni mchapishaji barua yenye muhuri wa serikali ya kijiji, mkieleza mnataka nakala ngapi na kwa ajili ya nani. Mkikwama kuhusu haki, ulizeni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Vitabu vikishapatikana, rafu isigusane na ukuta, na miguu yake ikaguliwe kila wiki kama ina mchwa.

Anzeni na Shaaban Robert. Ni wa kwenu, na kwa kuichapa upya Kusadikika hamhitaji kibali cha mtu.