Betri Iliyovimba Haichezewi



Mwezi wa 8 mwaka 2016 kampuni ya Samsung iliuza telefoni mpya, Galaxy Note 7. Kadhaa zikashika moto. Mwezi wa 9 ikaagiza zirudishwe, karibu milioni 2 na nusu. Zilizotolewa badala yake nazo zikawaka. Mwezi wa 10 ikaacha kuzitengeneza.

Kwa nini? Ndani ya betri mna mabamba mawili membamba na utando kati yake. Betri za kwanza zilibanwa pembeni. Katika za pili, ncha za kuchomelea zilitoboa utando. Mabamba yakigusana, moto huzuka. Wahandisi wengine walibisha: telefoni yenyewe ilikuwa nyembamba mno, betri ilikosa nafasi ya kuvimba.

Basi hapa Uvira, umeme ukirudi usiku, usichaji telefoni chini ya mto wala karibu na mtoto aliyelala. Betri ikivimba, usiikandamize, usiitoboe, usiichaji tena.

Mtu akiungua, mmwagilieni maji safi ya baridi dakika 20. Msimpake dawa ya meno wala mafuta. Kisha mleteni dispensari upesi.