Shanga za Kubadilishana: Mafunzo Niliyopata

Mimi hutunga vidani, bangili na vipuli hapa Mombasa. Vitu ninavyotegemea ni viwili: vifuu vya nazi, ambavyo napewa na wauza nazi wa Kongowea, na shanga ndogo za kioo kutoka Ucheki, zilezile zinazotumiwa na wanawake wa Kimasai. Mwenzangu yuko Kampala. Yeye husokota shanga za karatasi, na ana fundi jirani anayemchongea shanga za pembe za ng'ombe. Tulijuana kwenye maonyesho Nairobi, meza zetu zikiwa ubavu kwa ubavu, na siku ya kufunga tukabadilishana vilivyosalia kwa kuwa hakuna aliyetaka kurudi na mzigo uleule. Tangu hapo vifurushi huenda na kurudi kwa basi. Hatujapeana hata shilingi, si ya Kenya si ya Uganda. Haya ndiyo niliyojifunza, na sikuyapanga kwa ukubwa.

1. Toa kitu ambacho roho inakuuma kukitoa

Ubadilishanaji mwingi hufa mapema kwa sababu kila mmoja huona amepata pa kumwagia makorokoro. Shanga za rangi iliyokataa kununuliwa, vifungio vilivyolegea, nusu pakiti ya hiki, robo ya kile. Anayepokea naye hulipa kwa makorokoro yake, na baada ya hapo salamu zinapungua zenyewe.

Sisi tunafuata kanuni ya kienyeji tu: kwenye kila kifurushi lazima kuwe na kitu ambacho mtumaji angekitumia mwenyewe leo. Kwangu huwa ni vile vifuu vyeusi vya nazi iliyokomaa sana, vinavyong'aa bila kupakwa rangi. Mabaki yapo pia, lakini yanakaa kwenye mfuko wake na yanaitwa mabaki.

2. Bei ya dukani haisaidii

Hili ndilo lililotuchukulia muda. Ushanga mmoja wa karatasi una thamani gani mbele ya ushanga wa kioo?

Ukiona ule wa karatasi unavyotengenezwa utasita kujibu. Unachukua karatasi ya kalenda, ile nzito inayong'aa. Unaikata vipande virefu vya pembetatu, upande wa chini sentimita mbili hivi, juu ncha. Unaanzia upande mpana, unausokota kuzunguka sindano nene au kijiti cha meno, huku ukiivuta karatasi ikaze, na ile ncha iishie katikati kabisa. Ikienda upande hata kidogo, ushanga unatoka na kibyongo. Tone la gundi, sindano inachomolewa. Upana wa chini ndio unaokuwa urefu wa ushanga, na urefu wa kipande ndio unaokuwa unene wake. Kisha vanishi, ukauke, vanishi tena, ukauke, na tena. Mwenzangu alijifunza kwa wanawake wa Acholi Quarter, upande wa Kireka, waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda na ambao wengi wao walikuwa wakiishi kwa kuponda kokoto. Karatasi yenyewe ni ya bure au karibu na bure. Ukihesabu malighafi, umepokea takataka iliyopakwa vanishi. Ukihesabu vidole, umepokea siku ya mtu.

Kifuu nacho ni hivyo hivyo. Sikinunui, lakini nakikwangua nyuzi, nakikata kwa msumeno mdogo, nakitoboa kipande kimoja kimoja kwa keekee, halafu navitunga vyote kwenye waya vikikazana na kuvisugua kwa pamoja hadi kingo zote ziwe duara. Mwisho ni msasa laini na mafuta ya nazi. Shanga za Ucheki ni kinyume: hazina jasho langu hata chembe, ila zimenitoka mfukoni. Na pembe zinamtoka yeye mfukoni, maana fundi wake hafanyi kazi kwa ahsante.

Kwa hiyo tulichoamua ni kutovichanganya. Kilichotolewa jasho kinabadilishwa na kilichotolewa jasho, kilichonunuliwa na kilichonunuliwa. Vifuu kwa karatasi, kioo kwa pembe. Tangu tulipogawa hivyo, hakuna aliyewahi kuhisi amepunjwa, au kama yupo amenyamaza vizuri.

Tena thamani ya ushanga hufuata mahali, na hilo si jipya katika nchi zetu. Stanley alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alilazimika kuulizia kwanza ni shanga zipi zinapita wapi. Kitabu chake, How I Found Livingstone, kinaeleza kwamba shanga nyeusi zilizokuwa fedha huko Ugogo zingekataliwa na makabila mengine. Nyekundu, samesame, zilipokelewa Unyamwezi ambako nyingine zingekataliwa. Na zile za umbo la yai zilikuwa mali Ujiji, ila si kila mahali. Msafiri asiyejua hayo angelipa wapagazi wabebe mizigo isiyonunua hata kuku. Hapa Mombasa kifuu ni upawa au ni kuni. Kampala kifuu hichohicho kikining'inia shingoni kinaulizwa kimetoka wapi.

3. Tazama tundu kabla ya rangi

Kifurushi kikifunguliwa, jicho hukimbilia rangi. Mimi siku hizi nachukua sindano.

Shanga za kioo hupimwa kwa namba, na namba ikipanda ushanga unapungua: 11/0 una milimita mbili hivi, 8/0 karibu tatu, 6/0 karibu nne. Ushanga wa karatasi uliosokotwa kwenye kijiti cha meno una tundu pana, na ukiuweka jirani na 11/0, ule mdogo unazama humo ndani na kidani kinalegea huku unakitazama. Dawa yake ni kuweka 6/0 kila upande wa ushanga wa karatasi, ikae mlangoni kama bawabu. Kwenye pembe shida ni nyingine, kwa kuwa fundi hutoboa akianzia pande zote mbili, na mikato miwili ikikosa kukutana sawasawa kunabaki kidato ndani kinachokula uzi. Kifuu kibichi kutoka kwenye keekee kina kingo kali. Napitisha msasa uliokunjwa, mbele nyuma, hadi uzi upite bila kukwaruza.

Na uzi wenyewe? Mshipi wa kuvulia samaki una nguvu, lakini ni mgumu, unakataa kulala shingoni, na fundo lake hufunguka usipoligundisha. Nautumia kwa bangili tu. Vidani vizito vya pembe nataka waya laini uliovikwa plastiki, na kwa shanga ndogo uzi wa nailoni uliopakwa nta. Mtu atakayekwambia uzi mmoja unatosha kila kitu hajawahi kurudishiwa kidani na bibi harusi.

4. Rangi usizozipenda

Mimi ni mtu wa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nimekulia kwenye nyumba za leso za kisutu, na mkono wangu ukiachwa peke yake unakwenda hukohuko. Dukani sijawahi kununua ushanga wa rangi ya haradali. Nisingenunua.

Mwenzangu hachagui rangi kwa namna hiyo, anachagua karatasi. Kalenda ikiwa na picha ya shamba la alizeti, mwezi huo ni njano na kijani. Likiwa ni tangazo la soda, ni nyekundu yenye vipande vya herufi vinavyojitokeza kwenye tumbo la ushanga, K nusu, O nzima. Siku kifurushi cha haradali na zambarau kilipofika nilikiweka juu ya kabati na nikashukuru kwa adabu. Kilikaa huko hadi mteja mmoja, mama wa Kibohora anayenunua kwangu vipuli vya binti zake, alipokiona na kuuliza kama kinauzwa. Ilibidi nitunge nikiwa sikipendi. Nilijaribu zambarau na nyeupe, ikapauka. Nikaleta kifuu cheusi kati ya kila shanga mbili, na papo hapo haradali ikapata pa kuegemea. Sasa naiomba.

Nisieleweke vibaya: kuna rangi mbaya. Kijani cha dawa ya meno hakijapata tiba kwangu mpaka leo. Lakini anayenunua malighafi yake yote mwenyewe hujinunulia mazoea yake tena na tena, na ndiyo maana ukipita kwenye safu ya meza za shanga unaweza kumjua mtungaji kabla hujamwona.

5. Loweka, anika, sugua

Hili ni fupi. Shanga yoyote isiyo yangu naijaribu kabla ya kuitunga. Kadhaa zinalala kwenye maji usiku mmoja. Kadhaa zinakaa dirishani wiki nzima, nusu zikiwa zimefunikwa, nilinganishe. Kadhaa nazisugua kwa pamba yenye dawa ya kutolea rangi ya kucha. Kioo cha waridi na cha zambarau ndicho kinachoongoza kwa kupauka, maana mara nyingi kimepakwa rangi juu. Cha dhahabu kinachubuka kwa jasho, na jasho la Mombasa mnalijua. Karatasi isiyoshiba vanishi inavimba majini. Matokeo namtumia picha, mazuri na mabaya, na yeye hufanya vivyo hivyo kwa vya kwangu. Aliwahi kuniambia, "Dada, vifuu vyako vinanuka mafuta yaliyochacha," na alikuwa na haki. Siku hizi napaka kidogo na kufuta sana.

6. Vitu vya kukataa hata vikitoka kwa rafiki

Gamba la ng'amba na pembe za ndovu havina mjadala. Kasa wote wa baharini wamo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mkataba huohuo ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu mwaka 1989, mwaka ambao Kenya ilichoma tani 12 hadharani kwenye mbuga ya Nairobi. Hata kipuli cha zamani cha bibi kinakupeleka pabaya mpakani. Na kwa sababu pembe ya ng'ombe iliyong'arishwa inaweza kumchanganya mkaguzi, ndani ya kila kifurushi tunaweka karatasi inayosema wazi: pembe za ng'ombe, karatasi, vifuu.

Mbegu zina mambo mawili. La kwanza, mbegu ni mmea, na mimea inayovuka mpaka ina ukaguzi wake; kwa Kenya ni kazi ya KEPHIS. Tumeamua kila mtu atumie mbegu za kwao, na hizo pia nazitia kwenye friza siku kadhaa kwanza, vinginevyo fukusi hutoka wakati kidani kiko shingoni mwa mtu. La pili ni mbegu za mtipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi. Ni nzuri kupita kiasi, na ndani zina sumu iitwayo abrini. Ganda likiwa zima sumu inabaki ndani. Ukilitoboa umeifungulia mlango, na watoto hutafuna kila kinachong'aa. Nimeona zikiuzwa zimetungwa. Mimi sizitungi.

7. Mali bila daftari hupotea bila habari

Wahenga walisema hivyo kuhusu biashara, na urafiki hauko mbali. Tuna daftari moja, kila mtu nakala yake: tarehe, kilichokwenda, kilichorudi, jasho au mfuko. Tunahesabu kwa tungo, si kwa ushanga mmoja mmoja, tusije tukafanana na makarani wa forodha. Deni halivuki vifurushi viwili. Ukizidiwa na kazi, sema, na mzunguko husimama bila kununa.

8. Shanga zimebadilishwa, ubunifu haujabadilishwa

Watu huniuliza kama namgawia mwenzangu faida kidani kikiuzwa. Hapana, na yeye hanigawii. Ushanga ukishapokelewa ni wa aliyeupokea: autunge, auuze, autie mtoni. Ila mtindo ni jambo jingine, na hapo ndipo nimewaona watu wakikosana hadi kutosalimiana, kwa sababu picha inasafiri upesi kuliko basi.

Mwaka jana alinitumia picha ya kidani alichotunga kwa vifuu vyangu. Alikuwa amevitoboa upya, tundu ukingoni badala ya katikati, na vikalaliana shingoni kwa safu tatu, pembe nyeupe zikichungulia katikati yake. Miaka yote hiyo nimetoboa katikati. Nikamuuliza moja kwa moja, "Dada, naweza kutoboa hivyo?" Akajibu kwa ujumbe wa sauti, nyuma yake kelele za boda boda: nitoboe nitakavyo, keekee ni yangu, lakini zile safu tatu zenye pembe niziache, ameshazichukulia oda ya harusi. Nikampa neno. Vipuli nilivyovitoboa ukingoni viko mezani tangu Idi, jozi mbilimbili kwenye kadi nyeusi, na vimeandikwa bei ya juu kidogo kuliko vya katikati kwa sababu vifuu vingi hupasuka tundu likisogea pembeni.