Pikipiki ya Kwanza ya Kwendea Kazini: ya Kufanya na ya Kutofanya

Anayekaa Chanika, Mbagala au Bunju na kufanya kazi Posta anajua foleni ya Dar es Salaam inavyokula siku. Kununua pikipiki ni uamuzi wa haki kabisa. Kinachonikera ni kuona watu wazima, wenye mishahara ya kubana, wanaingia dukani na swali moja tu, la bei, wakati gharama yenyewe inaanza siku unayokitoa chombo dukani. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka.

PIGA HESABU YA NJIA YAKO KWANZA. Tegeta hadi Posta ni kama kilomita 25. Kwenda na kurudi ni 50, na kwa siku 26 za kazi unapata kilomita 1,300 kwa mwezi. Pikipiki ya cc 125 iliyotunzwa inakwenda kilomita 50 kwa lita bila taabu, kwa hiyo utatumia lita 26. Ukichukua ya cc 250 inayokwenda kilomita 30 kwa lita, utanunua lita 43 na ushee. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, umetupa zaidi ya shilingi 50,000 kila mwezi kwa ajili ya nguvu ambayo kwenye foleni ya Mwenge huna pa kuitumia. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Chukua bei hiyo, weka kilomita zako mwenyewe, andika kwenye karatasi, ndipo uende dukani.

USIVUKE CC 150. Ya cc 100 inamtosha mtu mmoja kwenye barabara tambarare. Ya 125 ndiyo saizi ya wengi. Ya 150 ni ya anayebeba mke au mtoto nyuma kila siku, au anayeishi penye vilima, kama Mwanza au Mbeya. Anayekwambia utaizoea upesi ukataka kubwa zaidi, si yeye atakayekuwekea mafuta.

NUNUA CHOMBO AMBACHO FUNDI WA MTAANI KWAKO AMESHAKIFUNGUA MARA NYINGI. Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Nenda kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na kwako, uhesabu kwa macho: Boxer ngapi, TVS ngapi, Honda ngapi, za Kichina zipi. Dereva wa bodaboda anakula pesa siku hiyo hiyo anayoitafuta, na hawezi kuvumilia chombo kinacholala gereji wiki nzima. Akichagua aina fulani, maana yake brekshu, kebo ya klachi, plagi, cheni na sproketi zake zinapatikana kwenye duka la spea la pale pale, na Kariakoo unazikuta rundo. Waulize wanachobadilisha mara kwa mara na kwa bei gani. Watakujibu kwa ukweli kuliko muuzaji.

Usichukue pikipiki nzuri ya machoni, kubwa, iliyotumika Ulaya au Japani, eti kwa sababu bei yake imeshuka. Imeshuka kwa kuwa kifaa kimoja cha kabureta kikifa, utakisubiri kutoka nje huku unalipa daladala.

KAA JUU YAKE KABLA YA KULIPA. Nyayo zote mbili ziguse chini. Kama unasimama kwa vidole, iache.

USIKIMBILIE ILIYOTOKA KWENYE MKATABA. Pikipiki za mkataba huendeshwa asubuhi hadi usiku na dereva anayetaka kumaliza marejesho kwa mwenye mali ili iwe yake, na mkataba ukifika mwisho injini imechoka hata kama rangi inang'aa. Tena ogopa zaidi ile ambayo mkataba wake haujaisha. Kadi iko kwa mwenye mali, aliyekuuzia ametoweka, na wewe ndiye unayekutwa nayo barabarani.

IKIBIDI ILIYOTUMIKA, IKAGUE HIVI. Fika asubuhi, shika injini kwa kiganja. Ikiwa na joto, muuzaji ameshaiwasha kabla yako, na mara nyingi anaficha ugumu wa kuwaka ikiwa baridi. Iwashe kwa kiki, usikubali stata pekee. Tazama moshi: wa bluu maana yake inakula oili, ringi au pistoni zimekwisha, na unachonunua ni ovahoo. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, hilo hurekebishika. Nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukihisi kama unanasa katikati, beringi za shingo zimekufa. Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno, utabadilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo punguza bei hapo hapo. Ubavuni mwa tairi soma tarakimu nne: 2319 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usiiamini mita. Kurudisha mita nyuma ni kazi ya dakika chache.

Kisha soma namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na namba ya injini, uzilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa namba imekwaruzwa, ondoka. Angalia kama namba ya usajili ina deni la faini za trafiki. Andikishianeni mbele ya mashahidi, na umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato. Usimwachie dalali kadi eti akushughulikie.

USIPANDE BILA LESENI YA PIKIPIKI NA BIMA. Bima ndogo ndiyo inayotakiwa kisheria. Ile inayouzwa bei ya kutupa ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla ya kutoa hela.

HELMETI IWEMO KWENYE BEI YA PIKIPIKI. Hili nalisema kwa uchungu. Mtu anatoa mamilioni ya kununua chombo, kisha anavaa kofia ya plastiki isiyo na mkanda, kwa sababu tu askari atairidhia. Chukua helmeti inayofunika kidevu, inayokaza mashavu kidogo ikiwa mpya, na uifunge kila safari, hata ya dukani. Ya abiria iwe na hadhi ile ile. Ongeza glavu na viatu vinavyofunika kifundo. Kama fedha haitoshi vyote, shuka saizi ya pikipiki.

JIFUNZE BREKI YA MBELE. Wapo wanaoogopa kuigusa miaka yote, wakisema itawarusha. Unapofunga breki uzito mwingi huenda mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalosimamisha chombo zaidi. La nyuma peke yake huburuza tu. Tafuta uwanja mtupu Jumapili, ibane pole pole, ongeza nguvu, rudia mpaka mkono uzoee. Kwenye mchanga na utelezi punguza.

USIWEKE OILI YA GARI. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze. Tafuta iliyoandikwa JASO MA, kwa unene ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Injini nyingi za saizi hii huchukua lita moja au karibu yake, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuchelewa. Pikipiki ikiwa mpya, imwage oili mapema kama kitabu kinavyotaka, na usiivute mpaka mwisho katika kilomita 500 za kwanza.

USIINGIE NJIA YA MABASI YA MWENDOKASI. Hata kama aliye mbele yako ameingia. Basi lile halina pa kukukwepea.

Na mvua kubwa ikinyesha usiku, bondeni Jangwani maji yakapanda, iache pikipiki nyumbani siku hiyo. Nauli ya daladala iwe kwenye bajeti yako tangu mwanzo.