Tamthilia Uliyokuwa Ukiitazama Imekwenda Wapi?

Unafungua simu Jumamosi usiku umalizie tamthilia uliyoianza, haipo. Hukukosea kubonyeza, wala mtandao haukukatika. Mara nyingi ni mkataba uliokwisha. Kampuni inayorusha filamu mtandaoni huwa imekodi haki ya kuionyesha kwa muda maalumu na katika nchi maalumu; muda ukiisha, mwenye mali huiuza kwingine au huirudisha kwenye huduma yake mwenyewe. Ndiyo maana ndugu yako aliyeko London anaweza kuiona filamu ambayo wewe wa Mwanza huipati, ingawa nyote mnalipia huduma moja.

Kwa hiyo la kwanza kulijua ni nani anashika njia ya kumfikia mtazamaji. Zamani studio kubwa za Hollywood zilitengeneza filamu na pia kumiliki majumba ya sinema, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa uamuzi mwaka 1948 katika kesi dhidi ya Paramount na wenzake, na studio zikalazimika kuyauza majumba hayo. Mfumo ule umerudi kwa sura nyingine. Netflix, iliyoanza mwaka 1997 kama biashara ya kukodisha DVD kwa posta, mwaka 2013 ilitoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa tamthilia ya House of Cards kwa siku moja. Studio nazo zikaingia mtandaoni: Disney ilifungua Disney+ mwaka 2019, mwaka uleule ilioinunua sehemu kubwa ya Fox kwa dola bilioni 71 hivi. Amazon ikainunua studio ya MGM mwaka 2022.

Anayetengeneza akiwa ndiye anayeonyesha, anaweza pia kuifungia kazi yake mwenyewe. Agosti 2022 Warner Bros. Discovery ilitangaza kwamba haitaitoa Batgirl, filamu iliyokwisha kupigwa na kugharimu takriban dola milioni 90. Mei 2023 Disney+ iliiondoa Willow, tamthilia ambayo haikuwa imefikisha hata mwaka. Hesabu za gharama na kodi zilishinda. Mimi naona ni dhuluma, kwa watazamaji na kwa mamia ya mafundi, waigizaji na waandishi waliotoa jasho lao humo.

Waandishi wenyewe wa Hollywood waligoma Mei 2023, waigizaji wakafuata Julai. Kwenye televisheni ya kawaida, kipindi kikirudiwa mwandishi hulipwa tena. Mtandaoni malipo hayo yalikuwa madogo, na kampuni zilificha idadi ya watazamaji. Mkataba uliomaliza mgomo wa waandishi ulileta nyongeza kwa kazi kubwa zinazotazamwa sana, na chama chao kikapata haki ya kuonyeshwa saa zilizotazamwa.

Kwetu pia maamuzi ya mbali yanafika. Netflix ilifungua mpango wa bure kwa simu za Android nchini Kenya mwaka 2021, ikaufunga mwaka 2023. Januari 2024 Amazon ikaacha kugharimia kazi mpya za Afrika.

Basi linda fedha yako. Kifurushi cha mwezi ni kodi ya kutazama, hakikupi umiliki. Hata ukibonyeza kitufe cha kununua filamu mtandaoni, kwa kawaida unapewa leseni tu. Tangu 2025 sheria ya California inawataka wauzaji wamweleze mteja hivyo waziwazi. Filamu unayotaka wajukuu waione, itafute kwenye DVD.

Linda na bando. Kwenye akaunti ya Netflix, fungua mipangilio ya kutazama: kiwango cha chini kinatumia hadi GB 0.3 kwa saa, cha kati 0.7, cha juu kinaweza kufika GB 3 au zaidi. Papo hapo zima kile kinachoanzisha sehemu inayofuata bila wewe kuomba. Watoto watengenezee wasifu wao, na wasifu wako uufunge kwa namba ya siri.

Usitegemee ukurasa wa mwanzo ukuchagulie. Hata picha inayotangaza filamu hubadilishwa kufuatana na uliyotazama awali. Andika jina la filamu unayoitaka. Na ikiwa ni filamu ya Kiswahili uliyoipenda, usiishie katikati: tangu Juni 2023 Netflix hupanga orodha ya kazi zinazoongoza kwa kugawanya saa zilizotazamwa kwa urefu wa filamu, kwa hiyo kila dakika unayoitazama inahesabiwa.