Jinsi ya Kulitoa Chujio la Oili Lililokwama katika Pikipiki

Katika habari hii twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jambo moja dogo la pikipiki, ambalo watu wengi hulidharau mpaka liwatie hasara, nalo ni kulitoa chujio la oili lililokataa kutoka. Mafundi huliita filta. Sisi tutasema chujio. Msomaji asiyekuwa na pikipiki naye asiipite habari hii upesi, maana siku hizi ni vigumu kumwona mtu katika Tanzania ambaye hajapanda bodaboda, au ambaye hana mwana wala ndugu apataye riziki kwa kazi hiyo.

Tutazame Tabata, katika Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam. Kutoka Relini hata Segerea na Kimanga, hapakosekani njia panda yenye kijiwe cha vijana wanaongoja abiria. Wengi wao si wenye pikipiki. Wengine humpelekea mwenye chombo hesabu ya kila siku. Wengine wamefunga mkataba kwamba wakilipa kwa muda fulani bila kukosa, pikipiki itakuwa mali yao. Basi kwa kijana wa namna hii, injini ikifa katika mwezi wa kumi wa mkataba, hakupotewa na injini tu, bali amepotewa na miezi kumi ya jasho lake. Na injini nyingi hufa kwa sababu ya oili.

Yafaa kwanza tueleze kazi ya chujio. Katika motokaa, gia zina oili yake na injini ina oili yake. Katika pikipiki nyingi sivyo: oili ni moja tu, nayo katika mashine za ujazo wa 125 au 150 haizidi sana lita 1. Oili hiyo moja hulainisha pistoni, huosha meno ya gia, tena huzilowesha sahani za klachi. Sahani hizo zinapolika, unga wake huingia katika oili. Na vipande vidogo vya chuma kutoka katika gia huingia vile vile. Chujio ndilo lizuialo takataka hizo zisirudi katika beringi na mitungi.

Mtu atauliza, Chujio likiziba, mbona pikipiki haisimami? Jibu ni kwamba katika injini nyingi umewekwa mlango mdogo, yaani valvu, ambao hufunguka chujio linapoziba, ili injini isikose oili kabisa. Oili hupita pale bila kuchujwa. Dereva huona pikipiki yaenda, taa yawaka, abiria wapanda, akadhani kwamba mambo ni mema. Hapa ndipo penye hatari. Fundi akilikuta chujio limekwama, aghalabu humwaga oili ya zamani, hutia mpya, akasema, "Chujio tutalitoa safari ijayo." Lakini safari ijayo litakuwa limekaza zaidi kuliko leo, na ile oili mpya imekwisha pita katika uchafu wa zamani, kama maji ya kisima yaliyotiwa katika mtungi usiooshwa.

Sasa, kwa nini chujio hukwama? Watu husema ni kutu. Kutu ina sehemu yake, hasa mjini Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari una chumvi, na wakati wa masika barabara za mitaani hugeuka madimbwi. Tena bolti ya chuma iliyoingia katika aluminiamu hufanya ukoga mweupe ambao hushika kama saruji. Lakini sisi twaona kwamba mara nyingi kosa ni la mkono wa mtu. Aliyelifunga chujio mara ya mwisho alikaza kwa nguvu zake zote, akidhani kwamba kukaza sana ndiko kuzuia oili isivuje. Tena aliuweka ule mpira wa mviringo ukiwa mkavu. Joto la injini likaupika mpira ule siku nyingi hata ukagandamana na chuma.

Kabla ya kushika spana, sharti mtu ajue pikipiki yake ina chujio la namna gani. Pikipiki nyingi za Kichina zina injini iliyoigwa kwa ile ya Honda CG125, ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi zenye njia mbaya na watu wasiopenda kubadili oili mara kwa mara. Injini hiyo haina chujio la karatasi. Ina wavu mdogo wa chuma, na pia kikombe kinachozunguka penye mwisho wa kombo, ambacho hutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Mwenye pikipiki kama hii asitafute chujio la kununua dukani. Kazi yake ni kuusafisha wavu huo na kikombe hicho. Kinachokwama kwake ni nati ya chini na skrubu za kifuniko cha ubavuni, na yote tutakayosema juu ya bolti yamhusu yeye pia. Pikipiki nyingine, kama Boxer ya 150, zina chujio dogo la karatasi chini ya kifuniko kilichofungwa kwa bolti chache. Namna ya tatu ni kopo la bati lifungwalo kwa kuzungushwa lenyewe, nalo huonekana zaidi katika pikipiki kubwa.

Basi tuanze kazi. Iwashe pikipiki kwa dakika 3 au 5, kisha uizime. Injini iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza. Maana aluminiamu ipatapo joto hutanuka kupita chuma, na oili hulainika ikatoka na uchafu wake. Jihadhari na bomba la moshi, ambalo limewachoma wengi mguuni. Kisha safisha kwa brashi na mafuta ya taa mahali pote pa chujio na kukausha vizuri, ili mchanga usiingie ndani na mkono usiteleze. Fungua nati ya chini, oili itoke yote katika beseni.

Hapa tuseme neno juu ya oili chafu. Wako wanaoimwaga mtaroni. Watu wa Tabata hawahitaji kufundishwa maana ya taka. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa lililowatesa kwa moshi na harufu, wakapewa haki yao, na hata leo jina la Tabata Dampo lingalipo. Oili imwagwayo mtaroni mvua huichukua hata bonde la Msimbazi, ambako watu hulima mboga. Itiwe katika dumu lenye kifuniko, ipelekwe kwa wale wakusanyao oili chafu.

Tukirudi kwenye bolti za kifuniko: bolti hizi ni ndogo, za spana namba 8 au 10, au ni skrubu zenye kichwa cha msalaba. Usitumie koleo, wala spana iliyopanuka mdomo, kwa sababu kichwa kikiviringika umejiongezea kazi mara tatu. Tia mafuta ya kulegeza kutu, ungoje robo saa au zaidi. Kungoja huku ndiko kunakowashinda mafundi wengi, maana abiria na mwenye pikipiki wamesimama wakitazama saa. Kisha weka kipande cha shaba au cha chuma laini juu ya kichwa cha bolti, ukigonge mara chache kwa nyundo ndogo, si kwa kuvunja bali kwa kutikisa. Mara nyingi mtikiso ule hufanya kazi ambayo nguvu ya mkono haiwezi. Baadaye jaribu kukaza kidogo sana, kiasi cha unywele tu, ndipo ufungue. Ukoga hukatika kwa kusukumwa huku na huku. Kwa skrubu za msalaba iko bisibisi ya kugonga, ambayo ikipigwa nyundo kwa nyuma, ncha yake huzunguka yenyewe huku ikishindiliwa. Kijiwe kizima chaweza kuchanga na kuinunua moja.

Kichwa kikiwa kimekwisha kuviringika, waweza kuweka ncha ya tindo penye ukingo wake na kugonga kwa upande wa kufungua. Ikishindikana kabisa, kichwa kitobolewe kwa keekee mpaka kitoke. Usiogope: kifuniko kikishaondoka, kile kipande cha bolti kilichobaki hakina tena kinachokivuta, na mara nyingi hutoka kwa koleo bila taabu.

Kifuniko nacho huweza kugandamana na mpira wake. Usichomeke bisibisi kati ya kifuniko na injini kukibandua, maana aluminiamu ni laini, na mkwaruzo mmoja tu hapo utavujisha oili maisha yote ya pikipiki. Gonga pembeni kwa mpini wa mti, mara upande huu, mara upande ule, mpaka kicheze. Kitokapo, angalia kwa makini jinsi springi na chujio vilivyokaa, na upande gani ulielekea ndani. Chujio lililogeuzwa laweza kuizuia oili isipite.

Chujio la kopo lina njia yake. Kwanza hakikisha upande wa kufungua. Ukilitazama kopo kwa uso wake, hufunguka kinyume cha mishale ya saa. Lakini mtu aliyelala chini ya pikipiki akipitisha mkono kwa nyuma husahau, akakaza badala ya kufungua. Funga kopo kwa kipande cha msasa, upande mkali uliguse bati, kisha zungusha kwa mikono miwili. Likikataa, tumia spana ya mnyororo au ya mshipi, na uishike karibu na injini, ambako bati ni imara, wala si kwenye ncha ambako litabonyea. Wako wapendao kulitoboa kopo kwa bisibisi kubwa toka upande mmoja hata wa pili, na kuizungusha kama mpini. Hiyo ni dawa ya mwisho. Bati laweza kupasuka na kitako kikabaki pale pale, na pikipiki haiwezi kuwashwa tena. Asithubutu mtu kufanya hivyo kabla ya kuwa na chujio jipya mkononi.

Likisha kutoka, tazama kama mpira wa zamani umetoka nalo, au umebaki kwenye injini. Ukifunga mpya juu ya wa zamani, oili itaruka injini iwakapo. Futa mahali pale kwa kitambaa safi, upake mpira mpya oili kwa kidole, kisha funga kwa mkono. Kopo, mpira ukigusa injini, huongezwa robo tatu ya mzunguko kwa mkono mtupu, isipokuwa maandishi yake yasema vingine. Bolti za kifuniko zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kwa spana fupi. Uzi wa aluminiamu ukifa, hakuna kukaza tena kutakakousaidia.

Tia oili kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, washa kwa dakika 1, uchungulie kama kuna tone. Zima, ngoja dakika chache, isimamishe pikipiki wima, wala si kwa mguu wa pembeni, ndipo upime oili. Utaona imepungua kidogo, kwa sababu chujio jipya limekunywa sehemu yake. Ijazie mpaka alama, na baada ya safari za siku ya kwanza upapase tena chini ya kifuniko kwa kidole kikavu.