MTOTO AKISHA KUPASULIWA, KAZI YA MZAZI HAIJESHA

Katika kila watoto 5,000 wazaliwao duniani, mmoja hivi huzaliwa pasipo njia ya haja kubwa, au njia yenyewe ikiwa mahali pasipo pake. Si laana, wala si kosa la mama. Ni utumbo ambao haukumaliza kuumbika kabla ya kuzaliwa.

Mara nyingi madaktari hutangulia kutoboa tundu tumboni ili choo kipate pa kutokea, kisha baada ya miezi kadhaa humtengenezea mtoto njia ya kawaida. Mwaka 1982 madaktari Alberto Peña na Pieter deVries walieleza namna ya kumpasua kwa nyuma, katikati barabara, hata daktari aione misuli kwa macho yake na kuupitisha utumbo ndani yake. Namna hiyo imeenea ulimwenguni.

Yapata majuma mawili baada ya kupasuliwa, mama hufundishwa kuipanua njia mpya kwa chuma laini kilichopakwa mafuta. Mtoto hulia, na mama kwa huruma huacha. Njia ikisinyaa, huenda akahitaji kupasuliwa tena.

Tena tusidanganyike: njia yaweza kupendeza kwa kutazama, na mtoto asiweze kuzuia choo. Wengine wamezaliwa na misuli haba na mishipa ya fahamu haba, na kisu hakiwezi kuongeza kisichokuwapo.

Liko kosa moja ambalo lafaa lielezwe vizuri. Mtoto huchafua nguo kidogo kidogo mchana kutwa, na choo chenyewe ni majimaji. Mama hudhani anaharisha. Humpa dawa ya kuzuia kuhara, na mboga na matunda humnyima. Kumbe pengine amefunga choo! Choo kigumu kimejaa ndani, utumbo umetanuka, na yale majimaji yapita kando tu, kama maji yapitavyo kando ya jiwe mferejini. Dawa ile humzidishia ugonjwa. Apelekwe hospitali akapapaswe tumbo na kupigwa picha kabla ya kupewa dawa yoyote.

Kwa yule asiyeweza kuzuia kabisa, dawa ni kuoshwa utumbo kwa mrija kila siku, saa ile ile, kwa maji ya chumvi ambayo kipimo chake kimetolewa na hospitali. Utumbo ukisha kuwa mtupu, aweza kukaa safi mpaka kesho yake, akaenda shule na kucheza mpira na wenzake. Baba naye ajifunze kazi hii; wengi huikimbia.

Mtoto huyu asipigwe wala asiitwe mvivu, maana hakujua choo kilipotoka. Shuleni mwalimu mmoja aelezwe kwa siri, nguo ya kubadili iwekwe mkobani, na mtoto akiinua mkono aruhusiwe kutoka mara moja, bila kuulizwa mbele ya darasa aendako.