Watu wa Kujitolea katika Maktaba za Shule za Msingi: Utaratibu wa Kumlinda Mtoto

Kijitabu hiki kimetolewa kutokana na malalamiko ya wazazi kwamba baadhi ya maktaba za shule za msingi nchini Tanzania huachiwa watu wa kujitolea, yaani wanaofanya kazi bila mshahara, pasipo kujulikana ni nani aliyewakabidhi funguo. Anayejitolea si lazima awe mkutubi aliyesomea. Inatosha awe mtu mzima anayesoma na kuandika vizuri, mwenye barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, na masharti yaliyobaki ataelezwa na Mwalimu Mkuu.

Linalopuuzwa ni hili: mtu wa kujitolea haruhusiwi kubaki peke yake na mwanafunzi ndani ya chumba kilichofungwa, iwe kwa dakika tano au kwa kazi ya dharura. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mtoto, hivyo mwanafunzi wa darasa la saba aliyerefuka kuwapita walimu wake naye analindwa. Mlango ubaki wazi, rafu zisizibe madirisha, na mwalimu wa maktaba, yaani mwalimu aliyepewa dhamana ya chumba hicho juu ya vipindi vyake, awepo jirani. Inarudiwa kusisitiza: mlango usifungwe. Kisingizio cha kuzuia wizi wa vitabu hakikubaliki, kwa sababu kitabu kikipotea hununuliwa kingine. Vilevile ni marufuku kumwita mtoto nyumbani kufuata kitabu.

Kazi nyingine ni nyepesi: kugonga mhuri, kujaza daftari la kuazimia, na kupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, unaogawa maarifa katika makundi makuu 10 na kuziweka hadithi za jadi kwenye namba 398, ingawa shule yenye kabati moja haina haja ya namba hizo.

Ofisi iliyotoa kijitabu hiki imetimiza wajibu wake kwa kueleza utaratibu huu kwa lugha nyepesi, na Mwalimu Mkuu atakayedai hakuufahamu hatasikilizwa. Mzazi au mwanafunzi anayeona umekiukwa atoe taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au apige 116, namba ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, bila malipo.